Waliokuja Kuomba Chumvi

Mchezo wa kwanza nilioandika maishani mwangu ulikuwa na kurasa kumi na moja za daftari, na ndani ya kurasa hizo niliua watu saba. Mmoja aliliwa na simba, wawili walinyweshwa sumu, mmoja alitumbukia kisimani, na wale watatu waliobaki nadhani niliwaua kwa sababu mkono ulikuwa umechoka kuandika na sikujua namna nyingine ya kuwaondoa mbele ya watu. Nikampelekea mwalimu wetu wa kisomo. Akasoma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasoma tena.

"Ndugu yangu," akasema, "ukiandika michezo mingine miwili kijiji hiki kitabaki na mbuzi watupu."

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Sisi tulikuwa tumeshushwa kutoka vilimani, tukapangwa kando ya barabara kuu, kusini kidogo ya Somanga, nyumba kwa mistari iliyonyooka kama meno ya kitana. Mikorosho yetu ilibaki kule juu kwenye mahame. Msimu ukifika, watu walipanda kwenda kuokota, mwendo wa nusu siku, wakalala huko usiku mmoja, wakarudi na magunia kichwani. Simba nao walikuwa wamegundua kwamba binadamu tumehama, na walizunguka kwenye viwanja vyetu vya zamani kama wenye nyumba. Kila msimu palikuwa na habari ya mtu aliyenusurika. Na mara mojamoja palikuwa na habari ya mtu ambaye hakunusurika.

Kusoma nilijifunza pale pale kijijini, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na watoto wawili, katika darasa la jioni lililoanza baada ya sala ya Magharibi chini ya karabai iliyovuma kama nyuki elfu arobaini. Nilipofaulu nikapewa cheti, na cheti hicho nilikitundika ukutani mahali ambapo hata abiria wa lori linalopita kwenda Lindi angekisoma, mradi dereva apunguze mwendo. Sasa wahitimu tulikuwa tunaandaliwa sherehe. Afisa elimu angekuja kutoka wilayani, na kijiji kilitakiwa kumwonyesha ngoma, nyimbo na mchezo wa kuigiza.

Michezo ya siku zile ilikuwa ya aina moja. Mvivu anashindwa, mwenye bidii anashinda, watu wanapiga makofi wanakwenda kula. Mimi nilitaka watu walie. Nilitaka mgeni arudi wilayani macho yamevimba kama aliyevamiwa na manyigu.

"Wafufue wote," mwalimu akaniambia. "Bakiza mmoja. Na huyo mmoja afe mapema, afe mbali, tusimwone. Halafu watazamaji wote wajue kwamba amekufa, isipokuwa mke wake."

"Sasa kama amekwisha kufa, mchezo ni nini?"

"Mchezo ni yule mke, anapika."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika. Kupika! Mtu avae shati safi, akae chini kwenye vumbi, atazame mwanamke anapika? Siku tatu sikuandika neno. Siku ya nne nikiwa shambani, jembe mkononi, nikakumbuka namna habari ya baba ilivyotufikia.

Baba alifia kwenye mashamba ya mkonge upande wa Lindi, alikokwenda kufanya kazi, sisi tukiwa bado wadogo kule vilimani. Kwetu habari ya msiba haitamkwi mlangoni na mtu yeyote tu anayepita. Lazima asubiriwe mkubwa wa ukoo, aje yeye, akae, aseme. Lakini majirani wakishasikia hawawezi kukaa makwao, na hawawezi kuja bila sababu. Kwa hiyo wanatafuta sababu. Mama alikuwa anatwanga. Akaja jirani wa kwanza kuomba chumvi. Akapewa, akaondoka, akasimama nyuma ya nyumba. Akaja wa pili kuomba kaa la moto. Wa tatu akaja akaketi tu. Wa nne akaomba chumvi tena, na mama akacheka akasema leo kila mtu chumvi imemwishia. Aligawa chumvi mpaka kikopo kikabaki kitupu. Dada yangu, aliyenizidi miaka minne, nadhani alielewa kabla ya mama. Mimi nilikuwa nafurahi kwamba tumepata wageni wengi.

Nikaandika hilo. Mtu anakwenda kwenye mahame kuokota korosho na harudi siku aliyoahidi. Wapita njia wanakuta kofia yake na damu majanini, wanaileta kijijini, wanawaonyesha watazamaji. Halafu mke anatwanga, na majirani wanaanza kuja, mmoja mmoja, kuomba chumvi.

Dada alikuwa naye kahitimu kisomo, na ingawa sipendi kulisema, alisoma haraka kuliko mimi. Nilimpa daftari akaketi nalo kizingitini. Alipomaliza akalifunga.

"Umemwandika mama," akasema.

"Nimeandika mwanamke tu, dada."

"Haya. Huyo mwanamke tu nitamcheza mimi. Usimpe mtu mwingine."

Tukaanza mazoezi nyuma ya ofisi ya kijiji. Hapo ndipo nilipojifunza kazi, na nilijifunza kwa kukosea. Mwanzoni nilimwambia dada atwange polepole kwa huzuni. Mwalimu akakataa: huyu mwanamke hana huzuni, huzuni tunayo sisi, yeye ana njaa na mumewe anakuja, atwange kwa nguvu. Basi akatwanga kwa nguvu, na kila mgeni alipoingia mchi ulisimama, akatoa chumvi, akaanza tena. Kule kusimama kwa mchi ndiko kulikotia baridi mgongoni. Nikagundua pia kwamba watu wakikazwa tu, wanazoea. Lazima ulegeze kidogo. Kwa hiyo mgeni wa pili, yule wa kuomba moto, nilimpa mtani wangu mmoja, mtu mwembamba mwenye shingo ndefu ambaye hata akisema "samahani" watu walicheka. Anaomba kaa la moto huku kiberiti kinachungulia kwenye mfuko wa shati. Watu wangecheka, halafu wangekumbuka kwa nini amekuja, na kicheko kingewakwama kooni kama mwiba wa changu.

Kilichobaki kilikuwa kilio. Mwisho wa mchezo anaingia kaka mkubwa wa marehemu, mzee, na ile kofia. Anamkabidhi. Mke anaitazama. Halafu analia.

Siku ya kwanza kuujaribu mwisho ule, dada alipiga ukemi mmoja tu. Mmoja! Nikwambie, sauti ile ilivuka barabara, ikavuka minazi, ikapita shamba la kijiji, na nadhani hata samaki walijua. Kwetu mtu akisikia kilio hasubiri maelezo, anatupa alichoshika anakimbia. Hatukuhesabu hata mia moja, wakafika. Waliokuwa shamba la kijiji walikuja na majembe begani, wanawake kanga zimefungwa kiunoni tayari kwa kazi za msiba, na fundi seremala alikuja na kamba ya kupimia kaburi.

"Nani?" akauliza, anahema. "Mrefu kiasi gani?"

"Hakuna aliyekufa. Tunacheza."

"Mnacheza nini?"

Mwenyekiti wa kijiji aliniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kazi ya shamba iende. Akasema kilio cha uongo kisisikike tena mpaka siku ya sherehe, na siku hiyo kisikike mara moja, baada ya kutangazwa kijiji kizima. Mazoezini dada akawa anafika pale pa kofia, anafungua kinywa, anafunga. Kwa hiyo hata mimi mwandishi sikujua kitatoka kilio gani.

Sherehe ilikuwa Jumamosi. Jumatano ya wiki ile shemeji yangu, mume wa dada, alipanda kwenye mahame kuokota korosho zake. Alisema atarudi Alhamisi jioni.

Alhamisi jioni hakurudi. Hatukusema kitu, mtu huchelewa. Ijumaa mchana, watu walipotoka msikitini, nilimwona dada amesimama barabarani anatazama njia ya vilimani, akajifanya anatafuta kuku. Nikajifanya nami namtafuta kuku. Tulimtafuta kuku yule tukiongea mambo mengine kabisa, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na kuku.

Jioni ile mwenyekiti alituma vijana wawili wapande wakamtafute. Na jioni hiyo hiyo maneno yakaanza. Nilikuwa napita kisimani nikasikia bibi mmoja, jirani yetu, yule yule aliyekuwa anacheza mwomba chumvi wa kwanza, anawaambia wenzake, "Kaandika mtu kaliwa kwenye mahame, na mtu kaenda kwenye mahame. Mnataka nini tena?"

"Shikamoo bibi," nikasema kwa sauti.

"Marahaba." Akanitazama bila haya. "Mjukuu wangu, ile kalamu yako umeipata wapi?"

"Ya serikali, bibi. Wametupa wote."

"Wenzako wameandikia barua."

Nilicheka, nikaenda zangu, na nilipofika nyumbani nikakaa gizani bila kuwasha taa. Sikuamini kwamba daftari linaweza kumwita simba. Lakini niliwaza: dada ataamini. Kama shemeji hatarudi, kila dada atakaponitazama ataiona ile kofia niliyoiandika. Mume angempoteza kwa simba, na mdogo wake angempoteza kwangu mimi mwenyewe. Usiku ule niligeuka kitandani mara nyingi kuliko samaki kwenye kaango.

Jumamosi adhuhuri vijana wakarudi. Kibanda cha shemeji walikuta kitupu, majivu ya baridi. Chini ya mkorosho waliokota kandambili yake moja, ya tairi, ya mguu wa kulia. Waliileta imefungwa kwenye jani la mgomba, kama dawa.

Mwenyekiti aliiweka mezani ofisini, tukaizunguka. Gari la afisa elimu lilikwisha onekana njiani. Nikasema, na naomba niaminiwe kwamba nilisema, "Mwenyekiti, mchezo tuuache. Waimbe tu."

"Mgeni kaambiwa kuna mchezo," akasema, lakini sauti ilikuwa ndogo. "Muulize dada yako."

Dada alikuwa ameketi uani kwake, mikono mapajani. Nilipomaliza kusema akauliza kitu kimoja.

"Palikuwa na damu?"

"Hapana. Wamesema hapana."

"Basi nikikaa hapa nitafanya nini? Nitatwanga. Heri nikatwange huko." Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kofia ya mumewe ya Ijumaa, nyeupe, iliyodariziwa. "Ile uliyoazima ni mbovu. Tumieni hii."

"Dada, hiyo usiilete."

"Twende," akasema.

Tulianza baada ya Alasiri. Pazia lilikuwa kanga nne nilizoziunga mimi mwenyewe. Mgeni na watu wote niliwakalisha upande wa magharibi ili jua lisiwapige usoni. Jua likawapiga wachezaji badala yao. Waliokuwa jukwaani, wakitazama kwa watu, waliona mwanga tu na vivuli. Mimi nilisimama nyuma ya kanga, pembeni kwenye kivuli cha ofisi ambapo jua halikunifikia, na daftari, nawakumbusha maneno, jicho moja kwenye upenyo.

Mwanzo ulipita. Mume wa mchezoni aliaga, akaenda. Wapita njia wakaja na kofia, wakawaonyesha watu. Hapo kijiji kizima kilivuta pumzi mara moja, maana kila mtu aliitambua ile kofia ni ya nani, na kila mtu alijua habari ya kandambili. Hawakuwa wanatazama mchezo wangu tena. Walikuwa wanamtazama dada yangu. Akaingia na kinu chake, akaanza kutwanga, kwa nguvu, kama alivyoelekezwa.

Bibi wa chumvi akaingia. "Hodi mwanangu. Nimepungukiwa chumvi." Mchi ukasimama.

Wakati huo huo nikaiona baiskeli. Ilikuja kutoka barabarani ikasimama nyuma kabisa ya watu, na kwenye kiti cha nyuma alikuwa ameketi shemeji. Mguu wa kulia ulikuwa umezungushiwa vitambaa na vipande vya mti, umevimba kama mtungi. Baadaye nilijua yote: aliteguka alipoanguka kutoka mkorosho, mtu wa bonde la pili akambeba kumpeleka kwa mganga wa mifupa wa kwao, akalala huko siku mbili akikandwa. Mguu ule haukuingia kiatu, ndiyo maana kandambili ilibaki.

Wanaume wa nyuma wakageuka. Nikawasikia, maana kimya kilikuwa kikubwa.

"We! Wewe si umekufa?"

"Nimekufa, ndiyo. Nisogezeeni mahali nikae, mguu unaniuma."

"Mkeo anajua umekuja?"

"Atajuaje, si yuko kazini? Nyamazeni bwana, niacheni nimtazame mke wangu."

Yeye hakujua chochote cha siku zile tatu, kandambili wala vijana waliotumwa. Alifikiri amekuta mchezo kama michezo. Lakini habari ile ilitembea kutoka mkeka hadi mkeka, kutoka nyuma kuja mbele, nikaiona inavyotembea, vichwa vinageuka na kurudi, mpaka ikamfikia mwenyekiti, ikamfikia mgeni mwenyewe sikioni, ingawa yeye alidhani ni sehemu ya mchezo. Bibi alikuwa bado jukwaani, jua machoni, chumvi mkononi, hakuona. Dada hakuona. Akamwambia bibi maneno yangu, "Chukua nyingine, mumeo anapenda chumvi," akashika mchi.

Sasa watazamaji wote walijua, isipokuwa mke.

Mtani wangu wa shingo ndefu alikuwa kando yangu akisubiri kuingia kuomba moto. Naye alikuwa ameona. Akanishika mkono, kucha zikaingia.

"Shemeji yako yule pale! Nimwambie dada nikiingia?"

Nimejibu swali hilo mara nyingi tangu siku ile, nikiwa shambani, nikiwa naoga, na kila mara nalijibu vizuri. Nasema mwambie, mnong'oneze, achana na moto. Siku ile niliangalia watu. Niliwaona mia kwa mia wamenyamaza, watoto hawalii, hata mbuzi wa mwenyekiti aliacha kutafuna. Mgeni ameinama mbele, mikono amekamata magoti. Sijapata kusikia kimya kama kile, na kilikuwa changu, nilikitengeneza mimi kwa penseli. Niliogopa nikipumua kitavunjika.

"Cheza," nikamwambia.

Akaingia. Aliomba moto na kiberiti mfukoni, na watu hawakucheka. Shingo yake ilikuwa imejaa lile neno, alimeza mate waziwazi, akasahau mstari mzima nikamtamkia mimi kutoka nyuma ya kanga. Nilimkumbusha, ndiyo. Maneno ya moto nilimkumbusha. Dada akamtazama usoni kwa muda, kama mtu anayesoma herufi asiyoifahamu, akampa kaa.

Akaja wa tatu, akaketi tu. Mchi ukawa unapanda na kushuka bila mpango. Dada hakufuata tena niliyomwelekeza. Alikuwa anatwanga, anasimama kabla hajaja mtu, anasikiliza, anatwanga. Sikujua kama anacheza. Niligeuza ukurasa.

Akaingia mzee na kofia. Yeye alisubiri upande wa pili wa jukwaa na hakuwa amejua kitu, kwa hiyo alicheza kwa uchungu wa kweli, masikini, kwani alimpenda sana shemeji. Akamkabidhi dada kwa mikono miwili. Dada akaipokea, akaigeuza, akanusa ndani yake.

Kisha akalia.

Sitakieleza kilio kile, na mimi ni mtu wa kueleza. Kilianza chini. Aliita kwa Kimatumbi, aliita namna wanavyoita waliofiwa, akimwuliza amemwachia nani watoto. Na wanawake wote walioketi pale, waliojua wazi kwamba mtu mwenyewe yuko hai nyuma yao na mguu wake mnene, wakainuka kwa pamoja wakafunga kanga kiunoni. Hawakuweza kukaa. Bibi wa chumvi alikuwa wa kwanza kumshika.

Shemeji ndiye aliyevunja. Alisimama kwa mguu mmoja, amemshikilia mwenye baiskeli, uso umebadilika rangi. "Mama watoto! Nipo! Mimi huyu hapa!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakapiga vigelegele, jua halijapata kuona furaha ile. Dada aliendelea kulia. Alidhani sauti ile ni ya mtu wa utani. Mpaka shemeji alipochechemea akafika kwenye kivuli cha ofisi ndipo alipoweka mkono juu ya macho, akaona. Akanyamaza. Akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye mguu ule. Nilitegemea amkimbilie. Hakumkimbilia. Aligeuka akaja kwenye kanga, akaifunua, nikawa mimi na daftari langu mbele ya kijiji.

"Ulimwona?" akaniuliza.

"Dada, alikuwa amefika sasa hivi tu…"

"Tangu lini?"

Mtani wangu akatazama chini. Nikasema, "Tangu chumvi."

Akaniwekea ile kofia juu ya daftari, akamwendea mumewe, akapiga magoti akamgusa mguu, akamwuliza nani aliyemfunga. Wakaenda kwao, yeye akiwa ndiye mkongojo.

Afisa elimu alinishika mkono akautikisa mpaka bega likalegea. Alisema amezunguka wilaya nzima hajaona kitu kama kile, na kwamba yule mume aliyetokea mwishoni ni ufundi mkubwa, nimewaza nini? Nikasema ni mazoezi tu. Akatutaka tuupeleke Kivinje baada ya mwezi mmoja. Mwenyekiti alifurahi akachinja mbuzi, na mimi, mtu ninayejulikana hadi Somanga kwa kula, nilikaa na pande moja la nyama mpaka likapoa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa dada. Shemeji alikuwa ndani amelala. Yeye alikuwa anabangua korosho, vidole vimepakwa majivu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Nikaketi. Nikasema mambo mengi. Nikasema mwalimu ndiye aliyenifundisha hivyo. Nikasema nilichanganyikiwa. Nikasema hata shemeji mwenyewe alitaka kutazama. Hakuacha kubangua.

"Yeye hakujua nimelia siku tatu," akasema. "Wewe ulijua."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Mchezo wako mzuri sana, mdogo wangu. Mimi sichezi tena." Akapangusa vidole kwenye kanga. "Nipe daftari."

Nikampa. Akachukua penseli yangu sikioni, akalifungua pale ambapo bibi anatoka na chumvi, akaandika pembeni, kwa zile herufi kubwa tulizofundishwa, akikandamiza hata karatasi ikatoboka kidogo. Akanirudishia. Aliandika: HAPA MWAMBIENI.

"Dada, tukimwambia hapa, mchezo utakuwa umeisha."

"Ndiyo," akasema. "Uishe."

Mwezi uliofuata tulikwenda Kivinje kwa lori la kijiji, na mwanamke mwingine, mke wa seremala, ndiye aliyetwanga. Watu walijaa uwanja mzima, wengine wakapanda kwenye kuta za majumba ya zamani. Nilisimama nyuma ya kanga na lile daftari. Bibi aliomba chumvi, akapewa, akatoka, nikafika kwenye maandishi ya dada. Mtani wangu alikuwa ananitazama. Nikamwashiria aingie akaombe moto.

Watu wa Kivinje walilia. Wazee wazima, wenye makanzu, nimewaona. Niliporudi nyumbani nilipita kwa dada kumsalimia. Aliniuliza safari ilikuwaje, lori halikuharibika? Nikamwambia halikuharibika. Hakuniuliza kuhusu mchezo, na mimi nikaaga mapema, nikisema nina kazi.